Kikulacho ki mfukoni mwako

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tutachambua ile mikopo ya kausha damu, lakini naomba mniwie radhi. Hiyo imo jikoni, inachemka. Leo nina kesi nyingine, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Kwangu kuna mashine ya kufulia. Msinicheke, sijatajirika. Ni mtumba wa Ulaya, ile ya kufungulia mbele yenye kioo cha duara kama dirisha la meli. Niliinunua Kariakoo baada ya Mama Junior kujifungua mtoto wetu wa pili, maana nguo za mtoto mchanga mnazijua. Unafua asubuhi, mchana beseni limejaa tena. Siku ilipoingia ndani, majirani walikuja kuiangalia, mmoja akauliza kama inapiga na pasi.

Basi, Jumamosi moja mashine ikagoma. Iliosha vizuri, ikafika mahali pa kumwaga maji, ikasimama. Maji yamejaa hadi nusu ya kioo, nguo zinaelea ndani kama samaki, na pale mbele inawaka herufi na namba nisiyoielewa. Ukibonyeza kumwaga, inanguruma mmm, mmm, mmm, halafu kimya. Mlango haufunguki. Ndani mna sare za shule za Junior, kanga mbili za mama yake na suruali yangu ya jinzi ninayoipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Mama Junior akamgeukia dada wetu wa kazi. "Umeijaza kama daladala ya Mbagala! Nimekwambia mara ngapi?"

Binti akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi niliweka nguo chache tu."

"Sasa nani kaiua? Mimi?"

Na mimi, mwanaume mzima, nikakaa kimya. Nikapiga simu kwa fundi mmoja niliyepewa namba yake na mtu wa ofisini. Hakuuliza inalia vipi wala imesimama wapi. Aliuliza ni aina gani tu, halafu akatoa hukumu: "Hiyo pampu imekufa, bosi. Andaa laki na nusu, spea na ufundi. Alhamisi nipo kwako."

Jioni tukafanya kikao cha familia, na kama mnavyojua vikao vya namna hiyo, mtu anayejadiliwa ndiye aliyekuwa jikoni akipika chakula cha wajumbe. Ikapitishwa kwamba binti atakatwa elfu thelathini kila mwezi kwa miezi mitano. Mwenye kupiga hesabu nilikuwa mimi. Nilitumia simu, na hata sikuona haya.

Jumatatu ilikuwa mwisho wa mwezi. Mama Junior akahesabu mshahara, akatoa elfu thelathini akaziweka pembeni. Binti akasema ahsante mama, akachukua beseni, akaenda kufua kwa mkono.

Alhamisi ikafika. Fundi hakutokea. Nikapiga, simu inaita haipokelewi. Ijumaa nikapiga tena, akasema yuko Kigamboni, atanicheki. Wakati huo bafuni pamekwisha kuwa bwawa. Maji ya siku sita yenye soksi ndani yake, ndugu zangu, yana harufu ambayo siwezi kuiandika kwenye gazeti linalosomwa na watu wakila chapati.

Ndipo nikakumbuka kwamba mashine ile ilikuja na kitabu chake, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kimeandikwa lugha kumi na mbili, Kiswahili hakimo. Nikatafuta Kiingereza, nikafika ukurasa wa matatizo. Pameandikwa wazi: mashine isipotoa maji, kabla ya yote angalia mpira wa kutolea maji kama umejikunja, kisha safisha filta ya pampu. Hapakuwa na neno laki na nusu mahali popote.

Nikajisemea, leo ni leo. Nikazima, nikachomoa plagi ukutani, nikafunga koki ya maji. Hizo tatu zishikeni kichwani, kwa sababu maji na umeme si marafiki na hawajawahi kuwa. Kisha nikaivuta mashine mbele nikague mpira ule wa nyuma. Ulikuwa mzima, haujakunjika wala kukandamizwa na ukuta. Lakini kati ya mashine na ukuta kulikuwa na kitu kingine. Daftari.

Daftari la Baiolojia. Limefunikwa kwa gazeti, na jina la binti juu yake. Ndani kuna mchoro wa moyo wa binadamu, umepakwa rangi kwa penseli nyekundu na bluu, vyumba vinne vyote, na mistari imenyooka kama ya mwalimu. Nikamwita Mama Junior. Yeye ndiye alikuwa anajua nusu ya habari: binti anajiandaa kufanya mtihani wa QT, ule wa maarifa ambao mtu aliyekosa sekondari akiufaulu anapata njia ya kuja kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ambacho hakukijua ni saa ngapi anasoma. Sasa tukaelewa wote wawili. Anasoma wakati mashine inazunguka. Anakaa pale chini juu ya ndoo iliyogeuzwa, mashine inafua, yeye anachora moyo. Na ile elfu thelathini tuliyoikata ilikuwa inangojewa na ada ya mtihani.

Hapo nikakumbuka kisa kimoja cha kweli. Kuna daktari mmoja wa Sweden, Hans Rosling, aliyefariki mwaka 2017. Aliwahi kufanya kazi ya udaktari hapo kwa jirani zetu Msumbiji. Mwaka 2010 alitoa mhadhara mmoja maarufu kuhusu mashine ya kufulia. Alisimulia kwamba alikuwa na miaka minne siku mama yake alipoijaza mashine yao kwa mara ya kwanza, na bibi yake akaalikwa kuja kushuhudia. Bibi huyo maisha yake yote alikuwa amechemsha maji kwa kuni na kufua kwa mikono nguo za watoto saba. Aliomba abonyeze yeye kitufe, halafu akavuta kiti akakaa kuiangalia mpaka ikamaliza. Mama mtu yeye hakukaa kuangalia. Alimchukua mwanawe wakaenda maktaba, kwa sababu sasa muda ulikuwepo. Daktari yule alisema vitabu viliingia maishani mwake kwa mlango huo wa mashine.

Basi na mimi kwangu nilikuwa na maktaba nisiyoijua, iko bafuni, nyuma ya mashine, na nilikuwa nimeifunga kwa kukaa kimya siku ile ya Jumamosi.

Nikapiga magoti. Kwenye mashine nyingi za kufungulia mbele, chini kabisa, mara nyingi pembeni kulia, kuna kijimlango kidogo. Unakifungua kwa kidole au kwa bisibisi bapa. Ndani utaona kifuniko cha duara cha kuzungusha, hiyo ndiyo filta. Baadhi ya mashine zina na kijimpira chembamba pembeni cha kutolea maji polepole. Yangu haina. Kitabu kilisema weka trei fupi chini, tandika matambara, legeza filta kidogo kidogo, trei ikijaa kaza, mwaga, rudia tena.

Mimi nikasoma hadi kwenye neno "trei", nikaona inatosha. Nikaizungusha filta yote kwa mkupuo.

Lo! Maji yalitoka kwa hasira za siku sita. Yalinipiga kifuani, yakapita katikati ya miguu, yakatoka bafuni, yakaelekea koridoni kama yanajua njia ya sebuleni. Junior akashangilia. Mama Junior akashika daftari juu kama mtu anayevuka mto na mtoto mgongoni. Namshukuru kwa hilo, hata tone halikuligusa. Jamani, zingatieni: mashine yenye maji ndani ina ndoo nzima au zaidi. Legeza kidogo, kaza, mwaga. Na kama ilikuwa inafua kwa maji ya moto, subiri yapoe kwanza, usije ukaungua.

Maji yalipokwisha nikaivuta filta nje. Ilikuwa imevaa ndevu za nyuzi na nywele. Nikazitoa. Ikadondoka sarafu ya shilingi mia tano. Ikafuata ya mia mbili. Kisha kifungo. Kisha kitu kikalia ting! kwenye vigae. Kifunguo kidogo cha rangi ya shaba.

Mama Junior akakiokota, akakigeuza, akanitazama. "Baba Junior. Hiki si ndicho kifunguo cha droo yako ya ofisini, ulichonisema wiki nzima kwamba nimekitupa na takataka?"

Nikameza mate. Nikasema ngoja nimalize kazi kwanza. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia kwenye lile shimo. Mle ndani kuna kipangaboi kidogo cha plastiki, ndicho kinachosukuma maji nje. Nikakigusa kwa kidole, hakizunguki. Kimekwama. Nikachokonoa kwa uangalifu, nikavuta, kikatoka kijiti cha kuchokolea meno, kimepinda kama upinde. Kikafuata kipande cha mwenzake.

Sasa wapenzi wasomaji, nyumbani kwangu anayetembea na vijiti vya meno mfukoni ni mtu mmoja tu. Mtu huyo kila Ijumaa anapita mahali kula nyama choma na washikaji, anabeba vijiti kama vile anafungua duka. Na Ijumaa ile, usiku, suruali ilipata doa la mchuzi. Jumamosi asubuhi, binti alipokwisha kupanga nguo kwenye mashine na kwenda kuchukua sabuni, mtu huyo alifungua mlango, akatupia jinzi yake juu kwa juu ili doa lisionekane, akaondoka zake akipiga mluzi. Hakukagua mfuko hata mmoja.

Pampu haikuwa imekufa. Ilikuwa imekabwa. Ndiyo maana ilikuwa inanguruma. Na hili liandikeni: mashine ikifika kwenye kumwaga maji ukasikia mngurumo bila maji kutoka, mara nyingi pampu ina uhai ila kuna kitu kimeibana. Ikiwa kimya kabisa, hapo ndipo unaanza kushuku waya au pampu yenyewe. Tofauti hiyo ya sauti fundi angeweza kuiuliza kwa simu.

Nikazungusha kipangaboi kwa kidole, kikaenda kwa kushtukashtuka, hatua moja hatua nyingine. Usiogope, pampu nyingi ndivyo zilivyo kwa sababu ndani mna sumaku. Nikaosha filta kwa mswaki wa zamani, nikafuta raba yake isiwe na uchafu, nikairudisha taratibu kwenye njia yake na kuikaza. Nikamimina kama lita moja ya maji ndani kwa kupitia kile kisanduku cha sabuni, nikaangalia kama filta inavuja. Kavu. Nikachomeka plagi, nikaiwasha, nikaiweka kwenye kusuuza na kukamua.

Ikamwaga maji shwaa, ikazunguka, ikaimba. Gharama yote: shilingi sifuri. Tena nilipata faida ya mia saba.

Lakini kazi kubwa ilikuwa bado. Kutengeneza mashine ni dakika arobaini. Kusema "nimekosa" ndani ya nyumba yako mwenyewe, mbele ya binti unayemlipa wewe, hiyo haina kitabu katika lugha yoyote kati ya zile kumi na mbili. Wengi wetu tulilelewa kwamba baba haombi radhi, baba ananunua soda. Nilifikiria ile soda, siwafichi.

Nikamwita. Nikamwonyesha kifunguo, sarafu na vijiti. Nikamwambia, "Dada, mashine niliiharibu mimi. Siku ile nilitupia suruali bila kukagua mifuko, na nikanyamaza ulipokuwa unasemwa. Nisamehe."

Mama Junior naye akasema, "Na mimi unisamehe, mwanangu. Nilikusema bila kuuliza."

Binti akaangalia chini. "Hamna shida, baba. Hamna shida, mama." Akanyamaza kidogo. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya friji, akalifungua. Lilikuwa na noti mbili za elfu mbili zilizonyauka kwa kulowa, na sarafu nyingi. "Hizi ni za kwenye mifuko, baba. Huwa nazitoa kabla sijafua. Nilitaka kukwambia, ila ulisemaga nisikusumbue na mambo ya nguo."

Nilihesabu. Elfu saba na mia nne. Zote zangu. Huyo ndiye mtu tuliyemfanyia kikao.

Elfu thelathini alirudishiwa usiku uleule, na ada ya mtihani tumelipa sisi. Lakini zile siku sita alizofua kwa mkono, na kurasa ambazo hakuzisoma, sijui nizirudishe kwa kopo gani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wazee walisema. Mimi nilimnyonga kwanza, haki nikaikuta kwenye filta.

Sasa ili yasiwakute yaliyonikuta, kabla hujampigia fundi simu na kabla hujamlaumu mtu, kagua haya machache.

Mashine haiingizi maji, au inaingiza kama machozi: fungua mpira wa nyuma pale unapoungana na mashine. Mle ndani kuna kichujio kidogo cha wavu. Kwa maji yetu yenye mchanga na kutu za tenki, huwa kinaziba. Kivute taratibu kwa plaizi, kioshe, kirudishe. Na kama unatumia maji ya tenki, angalia kimo chake. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya kama bar 1, kwa hiyo tenki lililo mita 2 juu ya mashine linatoa bar 0.2 tu. Mashine nyingi zinataka kuanzia bar 0.3 au 0.5. Mashine yako si mbovu, ina kiu.

Mashine haikamui vizuri na kioo chote ni povu: punguza sabuni. Unga wa kufulia kwa mkono una povu jingi mno kwa mashine ya kufungulia mbele. Tafuta ulioandikwa kuwa ni wa mashine, na usiumimine kama unapanda mahindi.

Mashine inaruka na kutembea bafuni kama imepagawa: kwanza angalia sakafu, urekebishe miguu yake kwa kuizungusha hadi isimame wima. Kama ndiyo kwanza imefika, chungulia nyuma kama zile bolti ndefu za kusafirishia zimetolewa. Zikiachwa, pipa la ndani limefungwa, litaruka na mashine nzima. Ukizitoa zitunze, siku ya kuhama utazihitaji kabla hujaipakia kwenye kirikuu.

Na mahali pa kuishia ni hapa: ukisikia harufu ya kuungua, ukiguswa na shoti, au ikiwa inaangusha swichi kubwa kila ukiiwasha, usifungue kitu. Zima umeme kwenye swichi kubwa kwanza, ndipo uchomoe, kisha uite fundi wa kweli. Wenye mashine za mapipa mawili nao wajue kwamba mle ndani kuna kapasita, kile kichupa kinachotunza umeme hata plagi ikishachomolewa. Hicho si cha kuchezea. Fundi mzuri bado ni mtu muhimu, ila aje aione mashine kwanza ndipo ataje bei.

Kwangu sheria imebadilika. Mifuko tunakagua wenyewe, kila mtu yake, na filta inasafishwa kila mwisho wa mwezi, siku ileile ya mshahara. Msafishaji ni mimi. Binti yupo pale pembeni, juu ya ndoo yake, daftari magotini. Juzi nilipokuwa nachungulia filta kwa tochi aliniuliza, "Baba, ile pampu si ni kama moyo? Ikibanwa, maji hayaendi."

Nikamwambia ndiyo, ni kama moyo. Nikaendelea kusafisha.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tuna ile kausha damu. Na wewe unayesoma huku jinzi yako iko kwenye mashine, hebu nyanyuka kidogo.